Kujenga kambi ya mafungo porini, bila umeme wa gridi, kwa nguvu za wanaojitolea

Maswali ni yale yale. Usharika umepewa ekari kumi na mzee aliyestaafu, au vijana wamechoka kukodi madarasa ya shule kila wanapotaka kufanya makambi, au kwaya imeona kilima kizuri cha maombi nje ya mji. Kisha simu zinaanza: tuanze na nini? Sola ya wati ngapi? Tukiwa na watu arobaini wa kujitolea tutamaliza lini? Mwongozo huu ni wa anayeanza kabisa, ambaye eneo lake halina nguzo ya umeme wala bomba la maji.

Mifano yangu ni ya kanda kavu ya kati, Dodoma na Singida, ambako mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, halafu ni jua na vumbi miezi saba. Ukiwa Mbeya au Kilimanjaro hatua ni hizi hizi, ila hesabu ya maji itakuwa nyepesi zaidi. Nimechukulia kambi ya watu 60 wanaokuja Ijumaa na kuondoka Jumapili, mara mbili kwa mwezi.

Shika mpangilio huu kuliko kitu kingine chochote: maji, choo, kivuli, jiko, malazi, ndipo kanisa. Karibu kila kamati inataka kuanza na kanisa, na ninaelewa moyo huo. Ndilo jengo ambalo watu huchangia kwa furaha. Lakini ibada inaweza kufanyika chini ya mkwaju tangu siku ya kwanza. Kulala watu 60 bila choo haiwezekani hata usiku mmoja. Nimeona maeneo yenye kuta nzuri za kanisa zilizosimama miaka bila paa, na hakuna aliyewahi kulala pale, kwa sababu fedha yote iliishia kwenye msingi mkubwa na maji yalikuwa bado yanaletwa kwa boza.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Karatasi za ardhi zilizokamilika, kwa jina la kanisa.
- Fundi mkuu anayelipwa. Huyu hajitolei. Anakuwepo kila siku ya kazi, na neno lake kwenye ujenzi ndilo la mwisho, hata mbele ya mchungaji.
- Mtunza stoo mmoja mwenye daftari na ufunguo. Ufunguo ukiwa kwa watu watatu, saruji itapungua na hakuna atakayejibu.
- Fedha taslimu ya maji, choo na msingi wa jengo la kwanza. Ahadi za harambee usizihesabu mpaka ziingie.
- Zana: sururu, chepe, majembe, matoroli, karai, ndoo, kamba ya kujengea, pima maji, timazi, miiko, futi ya mita 30, glovu na mabuti.
- Sanduku la huduma ya kwanza, gari linalolala eneo la kazi siku watu wakiwepo, na dereva anayejua njia ya kwenda kituo cha afya usiku.
- Mahali penye mtandao wa simu pawekwe alama. Vijijini mara nyingi ni juu ya jiwe fulani tu, na siku ya dharura hutaki kuanza kulitafuta.

Hatua ya 1: Maliza ardhi

Kama ni ardhi ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayogawa, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaoidhinisha. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Omba nakala ya muhtasari wa mkutano wenye mahudhurio. Mwombe pia mtoaji wa shamba aje na mke wake na watoto wake watu wazima, wasaini mbele ya majirani wa pande zote nne. Ugomvi mwingi wa mashamba ya makanisa huanza mzee anapofariki.

Jina kwenye hati liwe la Bodi ya Wadhamini ya kanisa iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini. Lisiwe la mchungaji, hata awe mwaminifu kiasi gani, wachungaji huhamishwa.

Tembelea eneo mara mbili kabla ya kusaini: Februari mvua ikiwa imechanganya, na Oktoba kila kitu kikiwa kimekauka. Februari utaona maji yanapita wapi na lori linazama wapi. Oktoba utaona kama kuna maji kweli. Waulize wafugaji njia ya mifugo inapita wapi, maana ukiifunga utaishi na kesi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, kwa hiyo ile sehemu nzuri ya kando ya mto iache kama ilivyo. Uliza NEMC, baraza la taifa la mazingira, mapema kama mradi wenu unahitaji tathmini ya mazingira.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya maji kwa karatasi

Hapa kaa muda mrefu. Kambi nyingi zinazofungwa hufungwa na maji.

Chukua lita 20 kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika, kunawa na kuoga kwa ndoo. Watu 60 ni lita 1,200 kwa siku. Hesabu siku tatu kamili, unapata lita 3,600 kwa kila mafungo. Mara mbili kwa mwezi ni 7,200, na kwa mwaka mzima ni lita 86,400.

Sasa paa. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Dodoma hupata takriban milimita 570 kwa mwaka. Toa sehemu ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, unabaki na kama lita 456 kwa kila mita ya mraba. Ukumbi wa mita 10 kwa 15 una paa la mita za mraba 150, nalo litakupa lita 68,400. Hazitoshi. Ongeza bati la jiko na stoo, mita za mraba 50, unafika lita 91,200. Hapo mwaka wa mvua ya kawaida unavuka.

Wengi wanasahau kwamba mvua hiyo yote inaanguka ndani ya miezi mitano. Maji ya Mei mpaka Novemba lazima yawe yamehifadhiwa: miezi saba mara lita 7,200 ni lita 50,400. Simtanki moja ya lita 5,000 iliyowekwa kwa majaribio itaisha kwenye mafungo ya pili ya Mei. Unahitaji kumi na moja za namna hiyo, au tanki moja kubwa la kujenga. Tanki la saruji na wavu wa nondo ndogo ni kazi nzuri kwa wanaojitolea, kwa sababu lina kazi nyingi za mikono, mradi fundi awe amewahi kulijenga. Simtanki nazo zinataka kitako cha zege kilichonyooka kwa pima maji. Tanki la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani tano, na ardhi ikititia upande mmoja litapasuka.

Gata ziwe na bomba la wima la kutupa maji ya kwanza, lenye kizibo chini. Maji ya mvua ya mwanzo hubeba vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege. Bomba hilo likishajaa, yanayofuata ndiyo yanayoingia tankini. Baada ya mvua mtu afungue kizibo na kulimwaga. Tanki lifunikwe vizuri kiasi kwamba mbu hapiti.

Chanzo cha pili ni lazima, maana mwaka wa mvua haba utakuja. Kama kuna mto wa mchanga karibu, nenda nao Oktoba na chepe. Chimba kwenye kona ya nje ya mto, hasa penye mwamba unaokatiza chini. Mchanga wa juu ni mkavu na unaunguza mguu. Ukifika kina cha mkono unabadilika rangi, halafu unaanza kushikana kiganjani, na ukisubiri kidogo maji yanakusanyika polepole chini ya shimo, safi kuliko ya bwawa. Wazee wa kijiji wanajua sehemu hizo kwa majina. Waulize kabla ya kumlipa mtu yeyote wa vipimo. Na kama eneo lenu lina majabali makubwa ya mawe, kama yalivyojaa Singida, jabali lenyewe linaweza kukinga mvua: unajenga ukuta mfupi wa mawe na saruji kulizunguka, maji yanaelekezwa tankini. Watu wa Kitui, Kenya, wametumia njia hii kwa miaka mingi.

Kisima kirefu kinahitaji kibali cha ofisi ya bonde la maji na upimaji wa kitaalamu kwanza. Kabla ya kufunga pampu, peleka sampuli maabara. Kanda ya kati ina maji ya chumvi na yenye floraidi nyingi, na kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki.

Hatua ya 3: Choo kabla ya kuita watu

Kumbukumbu la Torati 23 inawataka Waisraeli watenge mahali nje ya kambi, wawe na kifaa cha kuchimbia na kufukia. Agizo hilo bado linafaa.

Kipimo cha chini ni tundu moja kwa watu 20. Kwa watu 60 mimi ningejenga matano: matatu ya wanawake, mawili ya wanaume pamoja na sehemu ya haja ndogo. Wanawake wakipewa matundu sawa na wanaume, foleni ya asubuhi itachelewesha ibada.

Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka chanzo chochote cha maji, upande wa chini ya mteremko, na kitako chake kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini wakati wa mvua. Dodoma upepo mwingi hutoka mashariki, kwa hiyo choo kiwe magharibi ya jiko na malazi. Bomba la kutolea hewa lipakwe rangi nyeusi, lipite juu ya paa kwa nusu mita, na juu lifungwe wavu usiooza. Ndani ya choo pawe na giza kiasi. Nzi aliye shimoni hufuata mwanga, anapanda kwenye bomba na kukwama kwenye wavu. Ukiacha dirisha kubwa, nzi watatokea mlangoni.

Onyo: shimo lenye kina kinachozidi kifua haliingii mtu peke yake. Wawili wawe juu, kamba iwe tayari, udongo uliotolewa ukae mita moja kutoka ukingoni. Udongo ukiwa wa kichanga, jengea kuta unavyoshuka. Kijana wa chini ya miaka 18 haingii kabisa.

Weka kibuyu chirizi (dumu la kunawia linaloinamishwa kwa kamba ya mguu) na sabuni mlangoni siku ile ile choo kinapoanza kutumika.

Hatua ya 4: Andaa kazi, ndipo uite watu

Wanaojitolea ni baraka kazi ikiwa inawasubiri. Watu 40 wakifika na kukuta saruji haijaja, wanakaa chini ya mti mpaka saa sita, wanakula, wanaimba, wanaondoka. Mara ya pili watakuja kumi na watano.

Gawa kazi zote za mradi katika makundi mawili. Za mikono mingi: kusafisha eneo, kubeba mawe, kuchekecha udongo, kufyatua na kumwagilia matofali, kusomba mchanga, kujaza msingi, kupaka rangi, kupanda miti, kupika. Za fundi: kupima msingi, kusuka nondo, lenta (mkanda wa zege juu ya kuta), kenchi (fremu za mbao za paa), mabomba, umeme. Ukimpa mtu mwenye nia njema lakini asiye na ujuzi kazi ya kundi la pili, fundi ataivunja kesho yake, na huyo ndugu ataumia moyo.

Idadi ya watu ipangwe na zana. Hesabu sururu, chepe na matoroli yako, zidisha kwa mbili: mmoja anafanya, mwenzake anapokea. Hao ndio wa kuita. Kila wanane wawe na fundi au msaidizi wake mmoja. Wakizidi hapo, fundi anageuka kuwa mjibu maswali na ukuta unasimama.

Ninapenda utaratibu wa Nehemia sura ya 3, ambapo watu waligawana ukuta vipande, wengine wakijenga mbele ya nyumba zao. Upe kila mtaa au jumuiya kitu chake tangu msingi mpaka rangi: hawa tanki, wale vyoo vya wanawake, wengine jiko. Baadaye hao hao ndio watakaokuja kukitengeneza kikiharibika, bila kusukumwa.

Ratiba ya siku katika jua la Dodoma: ibada fupi saa 12:30 asubuhi, kazi saa 1:00, uji saa 4:00, kazi mpaka 5:30, chakula na kupumzika mpaka saa 9:00, kisha kazi mpaka 11:30. Usibane ule mpumziko wa mchana. Maji ya kunywa yawe kwenye madumu pale pale wanapofanyia kazi. Na chakula kiwe kizuri. Akina mama wa jikoni wapewe bajeti ya kweli, kwa sababu ugali na maharage yasiyoiva yanapunguza watu kuliko jua.

Wenyeji wa kijiji wataitwa baada ya mavuno, Juni mpaka Septemba. Ukiitisha msaragambo Januari, mtu ana palizi shambani kwake, na akija atakuwa ameacha chakula cha watoto. Katika vijiji kama vya Kondoa majirani wengi ni Waislamu, nao huja kusaidia kubeba mawe kama wanavyosaidiana kwenye msiba. Mwambieni Mwislamu mmoja achinje, ili wote wale sufuria moja.

Kama mna marafiki kutoka nje, mfano uhusiano wa Bega kwa Bega kati ya Dayosisi ya Iringa ya KKKT (kanisa la Kilutheri Tanzania) na Wakristo wa Minnesota, waandikieni mapema kuhusu vibali. Viza ya utalii hairuhusu kufanya kazi, hata ya bure. Ulizeni Uhamiaji aina ya kibali miezi kadhaa kabla, wala msikubali ushauri wa "wengine huwa wanakuja tu."

Kila anayefika aandikwe: jina, simu ya ndugu, ugonjwa alionao, dawa anazotumia. Watoto na vijana wa chini ya miaka 18 wanapewa kazi nyepesi mbali na mashimo, paa na mashine, na hawalali chumba kimoja na watu wazima wasio wazazi wao. Hilo liandikwe na kusomwa kwa sauti siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Fyatua matofali mapema

Tofali za kuchoma zinamaliza miti ya eneo ambalo mnataka watu waje kulitazama. Tumia tofali za udongo na saruji za kufungamana, zinazofyatuliwa kwa mashine ya mkono. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, wanafundisha kazi hii na wana mashine.

Pima udongo kwanza. Chimba chini ya ule wa juu wenye mizizi, jaza chupa nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache mpaka kesho. Mchanga utalala chini, juu yake tope laini, juu kabisa mfinyanzi. Unataka mchanga uzidi nusu, na mfinyanzi uwe kati ya asilimia 15 na 30. Mfinyanzi ukizidi tofali litapasuka. Ongeza mchanga wa mtoni.

Anza na sehemu 1 ya saruji kwa 10 za udongo, fyatua chache za majaribio. Unyevu upimwe kwa mkono: finyanga donge, liachie kutoka urefu wa bega. Likivunjika vipande vinne mpaka sita, sawa. Likisambaa kama unga, ongeza maji. Likibaki limebonyea, limezidi maji. Ziweke kivulini na kuzimwagilia siku saba bila kuruka hata moja, kisha ziache zikomae mpaka wiki nne kabla ya kujengea. Gonga mbili pamoja. Zikilia kama sufuria, zimeiva. Zikitoa sauti ya kufa, hazifai kwa ukuta wa nje.

Fanyeni kazi hii Mei na Juni, mto ukiwa bado na maji. Maji ya kumwagilia matofali huwa hayamo kwenye bajeti ya mtu yeyote, na Septemba utayanunua.

Hatua ya 6: Msingi, kuta, paa

Hapa mfuate fundi. Wewe simamia mambo machache. Pembe za msingi zipimwe kwa kamba ya 3, 4 na 5: mita tatu upande mmoja, nne upande wa pili, na mshazari usome tano kamili. Chimbeni mpaka ardhi ngumu. Nailoni ya kuzuia unyevu iwekwe juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza. Mbao ziwe za dawa na zisiguse udongo, kwani mchwa wa huku hawachagui. Bati geji 28, lizidi ukuta kwa sentimita 60 kuyakinga matofali na mvua ya upepo, na kenchi zifungwe kwa waya uliotoka ndani ya lenta.

Jengo la kwanza liwe ukumbi wa wazi wenye paa kubwa. Mchana ni darasa na bwalo, usiku wanaume wanalala humo, na paa lake ndilo linalojaza matanki. Wanawake na watoto waanze na mahema imara mpaka bweni lipatikane. Kila anayelala apate chandarua.

Hatua ya 7: Sola ya kipimo chenu

Usinunue "seti" kabla ya kuandika matumizi. Mfano:

- Taa 14 za wati 7, saa 4: 392
- Simu 40, kila moja kama 15: 600
- Vipaza sauti wati 150, saa 3: 450

Jumla ni kama wati-saa 1,450 kwa siku. Ongeza asilimia 30 kwa upotevu, sema 1,900. Gawa kwa saa 5 za jua zuri, unapata wati 380. Paneli mbili za wati 200 zinatosha. Ya tatu itawasaidia siku za mawingu za Februari. Betri za asidi zisitumiwe zaidi ya nusu, kwa hiyo nunua mbili za volti 12, ampea-saa 150. Lithiamu moja ya ampea-saa 200 inafanya kazi hiyo hiyo na inadumu zaidi, ingawa bei yake ya kuanzia inauma.

Kusini mwa Ikweta paneli hutazama kaskazini. Ziinamishe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua isafishe vumbi. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Betri zikae kivulini penye hewa, mlango wenye kufuli. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, iwe ya wimbi safi. Za bei rahisi hufanya spika zivume wakati wote wa mahubiri.

Pasi, birika la umeme na jokofu kubwa visiingie kambini. Birika moja linavuta kuliko taa zote pamoja, na mgeni hawezi kujua hilo usipomwandikia ukutani.

Hatua ya 8: Jiko

Serikali ilielekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, ukomo ukiwa Januari 2024. Ninyi ni 60, lakini makambi ya mwaka yatawafikisha huko. Jengeni mkiwaza mitungi mikubwa ya gesi iliyokaa nje ya ukuta, na mkaa mbadala wa akiba. Paa la jiko liwe juu, pande mbili ziwe wazi.

Hatua ya 9: Lala kwanza wenyewe

Kabla ya kutangaza, kamati na familia zao walale usiku mbili, wakitumia kila kitu. Soma kipimo cha tanki Ijumaa na Jumapili, andika volti za betri saa 12 asubuhi. Mwende chooni usiku bila tochi ya simu. Mtaona taa inakosekana wapi.

Mambo yakienda kombo

*Taa zinazima saa nne usiku.* Angalia vumbi kwenye paneli kwanza, halafu kivuli cha mti kinachofika alasiri. Vyote vikiwa safi, tafuta kilichochomekwa. Mara nyingi ni birika, au simu mia badala ya arobaini. Wekeni meza moja ya kuchaji, mchana tu.

*Maji ya tanki yananuka.* Kifuniko kiko wazi, au maji ya kwanza hayatupwi. Toeni maji, sugueni ndani, wekeni klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti. Mpaka yatulie, ya kunywa yachemshwe.

*Choo kina nzi.* Wavu wa bomba umetoboka au kuna mwanga mwingi ndani. Majivu husaidia harufu. Dawa ya wadudu usimwage shimoni.

*Ukuta una ufa.* Wekeni alama ya penseli kwenye ncha zake na tarehe. Usiposogea, ni wa plasta. Ukisogea baada ya mvua, maji yanaingia kwenye msingi. Chimbeni mfereji wa kuyaelekeza mbali kabla ya kuziba chochote.

*Nyoka na nge.* Rundo la mawe na mbao likae mbali na malazi, nyasi zifyekwe, mabuti yakung'utwe asubuhi. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala kufungwa kamba. Atulizwe, asitembee, apelekwe kituo cha afya mara moja.

*Watu wanapungua kila wiki.* Pitieni daftari la kazi. Kama siku mbili mfululizo watu walikosa cha kufanya, simamisheni mwito kwa mwezi mmoja, nunueni vifaa, kisha iteni kundi dogo kwa kazi moja inayoweza kuisha siku hiyo hiyo.

*Fedha imekata katikati ya kuta.* Malizeni kozi (mstari wa matofali) mliyoanza, funikeni juu ya kuta kwa nailoni na mawe, nondo zilizo wazi zipakwe uji wa saruji. Saruji iliyobaki iuzwe au ikopeshwe kwa usharika mwingine, kwa sababu haivuki msimu wa mvua. Halafu tumieni eneo kama lilivyo: maji yapo, choo kipo, mkwaju una kivuli. Mafungo ya siku moja yanaweza kuanza Jumamosi ijayo.